Siku tano kwa kinga, kutoka Katuba mpaka Kapolowe

Juma lililopita karatasi hii haikutoka, na wengine wenu mlituma watoto kuuliza kama tumekosa wino. Wino ulikuwapo. Waliokosekana ni sisi wenyewe. Tulikuwa barabarani, juu ya kinga, kati ya Lubumbashi na Kapolowe, na tangu turudi wengine kati yetu bado hatukai vizuri kwenye kiti.

Tulikuwa watu 11 na kinga 10. Wamama watano wa chama, wababa wawili (mmoja alikubali siku ya mwisho, alipoona mke wake amekwisha kufunga mizigo), msichana wa miaka 15, mvulana wa miaka 12, kadogo wa miaka 7 aliyekaa nyuma ya baba yake, na kijana wetu. Kijana huyu wengi wenu mnamjua bila kumjua. Ni yule anayepita na makala asubuhi ya siku ya tatu, mwenye kitambaa chekundu kwenye usukani. Ana diploma ya Serikali tangu miaka miwili. Pesa ya chuo kikuu haikupatikana, ya kinga ikapatikana.

Mama yake ndiye aliyeanzisha jambo. Tulikuwa kwenye mkutano wa likelemba, tunazungumza juu ya vakansi ya watoto. Mmoja akataja Kipushi, mwingine akasema twende Likasi kwa basi na kurudi jioni. Mama yake alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: «Mwanangu anatoka siku ya kwanza usiku, anarudi siku ya tatu. Sijui analala wapi. Nikimuuliza ananijibu, Mama, nalala vizuri. Mimi nataka kuona.»

Hakuna aliyejibu mara moja. Kila mmoja wetu alikuwa na gunia lake la makala nyumbani.

Basi ikawa safari ya kinga. Tukachagua Kapolowe kwa sababu Kambo wa watoto wa mweka hazina wetu anakaa kule Misioni, karibu na ziwa, na kwa sababu njia ya kwenda kule ni njia ileile ya makala. Kijana hakufurahi. Alisema barabara ile si ya wamama. Mama yake akamwuliza kama ni ya watoto wa wamama, akanyamaza.

Wawili kati yetu hawakujua kupanda kinga. Walijifunza mwezi wa tano na wa sita, jioni, kwenye kiwanja cha masomo, wakati watoto wamekwisha kurudi nyumbani. Tuliambiwa mengi. Mama mkwe wa mmoja wetu alisema mwanamke akikaa juu ya kiti kile hatazaa tena. Yule akamjibu kwa heshima kwamba ana watoto sita, kama ni kweli ni habari njema. Tulivaa suruali ndani na kikwembe juu, kimefungwa upande mmoja ili kisiingie kwenye mnyororo. Tunawashauri mfanye hivyo. Mama mwalimu hakufanya, na kikwembe chake kizuri cha sikukuu ya wamama sasa kina tundu kubwa kama sahani.

Tulitoka siku ya kwanza, saa kumi za alfajiri. Mwezi wa saba baridi ya Lubumbashi mnaijua: vidole vinakataa kushika freni. Tukavuka mji ungali umelala, tukashika barabara ya Likasi, na hapo, kabla ya jua, tukakutana na wenye makala.

Hatujawahi kuwaona hivyo. Sisi tunamwona mmoja, mlangoni, mchana, na tunaanza kumkatia bei. Pale walikuwa wengi, wamefuatana, bila taa. Kwanza unasikia viatu vinavyoburuta kwenye lami, kisha pumzi, kisha gunia jeusi linatoka gizani likiwa refu kuliko mtu. Hawapandi kinga. Wanaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma. Kwenye mteremko wanakanyaga tairi kwa soli ya kiatu, maana freni haiwezi kushika uzito ule. Kijana wetu aliwasalimu wote, nao wakamwita kwa jina ambalo mama yake hakulijua.

Alitupa sheria zake. Twende mmoja nyuma ya mwingine, tuache nafasi. Tusizungumze tukiwa tunaendesha (hii ilitushinda). Na akipiga filimbi, wote tushuke kwenye changarawe, bila kuangalia nyuma. «Usingoje kujua kama dereva amekuona,» alisema. «Wewe jua tu kwamba hajakuona.»

Wale ambao hupita Barabara ya Taifa namba 1 ndani ya basi, mmelala, hamwezi kujua makamio yale ni nini. Mji wa Likasi uko kilomita 120 hivi kutoka kwetu, na mbele yake Kolwezi, na shaba yote ya kule inashuka kwa barabara hii kwenda Kasumbalesa na Zambia. Yanayopanda yanaleta salfa na asidi ya viwanda. Kamio likipita, upepo wake unakusukuma kwanza, kisha unakuvuta. Mwili unajua hofu kabla ya kichwa.

Karibu na saa tatu, makamio mawili yalipishana mbele yetu. Filimbi ikalia. Tukashuka wote, ila mvulana wa miaka 12 alichelewa kidogo, pengine muda wa kusema jina lake. Kamio halikumgusa. Upepo wake ndio uliomtupa kwenye mtaro, kinga juu yake.

Hatutaandika sana juu ya dakika zile. Mama mkunga, aliyekuja na sanduku lake la dawa, alimgusa mifupa yote, mmoja mmoja, na kusema hakuna uliovunjika. Mkono ulichubuka kutoka kiwiko mpaka kidole. Gurudumu la mbele lilipinda kama tawi. Baba yake alikaa kwenye majani, akasema: «Tunarudi.» Mama yake akasema tunarudi. Mama wa kijana akaangalia chini, kwa maana ni kwa ajili yake tulikuwa pale, na akasema pia turudi.

Kijana ndiye aliyesema polepole: «Baba, kama ni kurudi, mtarudi kwa barabara hii hii. Mbele kidogo kuna njia yetu, inaingia porini. Kule hakuna makamio.» Alikuwa na haki. Aligeuza kinga juu chini, akalaza gurudumu kati ya mawe mawili, akalikanyaga mara tatu, akakaza rayo na ufunguo mdogo. Lilizunguka, likicheza kama mlevi. Mvulana akasema mwenyewe kwamba anataka kuendelea, lakini tulimpandisha nyuma ya baba yake, na kijana akaenda akiendesha kinga yake kwa mkono mmoja na kuvuta ile nyingine kwa mkono wa pili.

Tunasema wazi: msilete mtoto mwenye kinga yake kwenye ile lami. Sisi tulifanya, na tulikosea. Mtoto akae nyuma ya mtu mzima, au abaki.

Njia ya porini ni nyembamba, kiasi cha gurudumu moja, imelainishwa na tairi za miaka. Baada ya kelele, masikio yalilia kwa ajili ya ukimya. Kadogo aliimba. Tulikula viazi vitamu vya kuchemsha na karanga chini ya mti, tukagundua kwamba sufuria kubwa tuliyobeba kwa kinga ya mweka hazina haikuwa na kazi yoyote. Alikuwa amekataa kuiacha. Aliibeba siku tano, kwenda na kurudi, na hatuongezi neno.

Tulifika kwao jua linashuka. Tunasema kwao kwa sababu ndivyo kijana alivyosema: «Hapa ni kwetu.»

Ni mahali palipokatwa miti. Katikati kuna tanuri tatu za udongo, ndefu kama makaburi ya watu wakubwa sana, na moshi unatoka kwenye matundu ya pembeni. Wanakata miti, wanaipanga, wanaifunika majani na udongo, wanawasha, na kwa siku nyingi wanailinda usiku na mchana. Udongo ukifunguka na hewa ikaingia, kuni zote zinakuwa majivu na kazi imepotea. Kijana alituonyesha visiki. Alipoanza, alisema, tanuri zilikuwa karibu na njia. Sasa wanatembea saa nzima kutafuta mti mnene. Msichana wa miaka 15 aliuliza mti mmoja unatoa magunia mangapi, na alipojibiwa hakuuliza tena.

Juu ya vichwa vyetu, kupitia uwazi ule wa porini, zilipita nyaya nene za umeme. Zilikuwa zinalia, mlio mdogo wa nyuki. Chini yake, makala. Mama mwalimu alitaka kuwaeleza watoto jambo fulani kuhusu hilo, akaanza, akaacha.

Kijana analala kwenye kibanda cha majani, hakimfikii mtu kifuani. Ndani kuna magunia matupu, mawili chini, moja la kujifunika. Tulikuwa mwezi wa saba, wamama. Mama yake aliinama akaingia, akakaa humo peke yake. Tulimwacha. Alipotoka alikuwa ameshika gunia lile la kujifunika, na mikono yake ilikuwa myeusi. Akamwambia mwanawe: «Ndiyo. Unalala vizuri.» Kijana akacheka, kisha akaacha kucheka.

Pale kuna mama mzee anayepikia vijana. Wanamlipa kwa kidogo, wengine kwa makala. Bukari yake ni ngumu jinsi inavyotakiwa, na sombe aliitwanga mwenyewe. Kijana anamwita Mama. Tuliona mama yake anasikia neno lile. Kwa muda hakula. Baadaye, tulipokuwa tumekwisha kujipanga karibu na moto, tulisikia wale wawili wanazungumza gizani, mama wa mji na mama wa porini, juu ya kijana: kwamba hapendi dagaa, kwamba akikohoa anaficha, kwamba anasoma. Anasoma nini? Mama mzee alikuwa na kitabu chake ndani ya nyumba yake, amekifunga kwa plastiki ili moshi usikiharibu. Ni kitabu cha hesabu cha chuo kikuu. Mama yake alikuwa hajui.

Siku ya pili hatuna mengi ya kusema, ila kwamba miguu ilikuwa miti. Tulirudi kwenye lami mbele ya Luisha, tukavuka haraka, tukinunua mikate na maji tu, maana vumbi la mgodi lilikuwa jingi na makamio yamepanga mstari. Tulisukuma kinga kwa miguu pembeni, hakuna aliyejidai. Kwenye Kapolowe Gare tuliacha barabara kubwa na kuelekea Misioni, na njia ikaanza kushuka, na ghafla upepo ulikuwa na harufu ya samaki. Kadogo alipiga kelele wa kwanza: «Bahari!»

Si bahari. Ni ziwa Tshangalele, na ziwa lenyewe ni kazi ya watu: mto Lufira ulizuiwa na ukuta wa Mwadingusha, ambao tangu miaka ya 1930 unatoa umeme kwa viwanda vya shaba. Maji ni mapana, hayana kina kirefu, matete kila upande, ndege weupe wengi. Hapo Mama mwalimu akamaliza somo lake la jana: maji haya ndiyo yanayotengeneza umeme unaosafiri kwenye nyaya kama zile mlizosikia zikilia. Mvulana wa miaka 12, na mkono wake wa bandeji, akauliza kwa nini basi kwetu Katuba tunapikia mbabula. Wababa wawili walianza kujibu kwa pamoja, wakaona ni afadhali waende kuangalia mitumbwi.

Kambo alitupokea kama ilivyotakiwa, yaani kwanza alitugombeza. Watoto wamekonda, wamama wamechafuka, na nani amewaambia wanawake wapande vyuma? Kisha akatoa maji moto. Usiku huo tulikula kambale wa kukausha kwa karanga na bukari ya muhogo, na tulilala kwenye mikeka kabla sahani hazijaoshwa. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, anasema mmoja wetu, aliamka akakuta mume wake ameziosha.

Siku ya tatu tulipumzika. Watoto waliingia majini mpaka magoti. Tulikwenda kuwaona wamama wanaonunua samaki asubuhi, wakati mitumbwi inarudi: tilapia wadogo, wadogo sana, wa kutia huruma. Wavuvi walituambia samaki wamepungua. Wanataja nyavu za macho madogo, ambazo wao wenyewe wanazitumia, na wanataja maji machafu yanayotoka upande wa viwanda vya Likasi. Mweka hazina aliuliza bei, akaandika kwenye daftari, atawaeleza kwenye mkutano kama inafaa chama kinunue hapa moja kwa moja. Jioni tuliingia katika kanisa la Misioni, ambayo ilianzishwa na Wabenedikto zamani za Wabelgiji. Mama wa kijana alibaki nyuma, amepiga magoti, muda mrefu kuliko sisi. Hatukumwuliza.

Siku ya nne tulirudi mpaka kwenye tanuri. Kurudi ni kupanda, kidogo kidogo, kilima ambacho macho hayakioni lakini mapaja yanakijua. Usiku kijana alifunga mzigo wake: magunia matatu, mawili pembeni na moja juu, yamekazwa kwa vipande vya mpira. Tulitaka kusaidia. Alisema mkifunga vibaya litaniangusha mimi, si ninyi.

Siku ya tano, basi, hatukuendesha. Tulitembea pamoja naye, tukisukuma kinga zetu nyepesi. Kwenye kilima cha kwanza baada ya kutoka porini, mama yake akamwambia: «Nipe.» Akakataa. «Nipe,» akasema tena, na kwa sauti ile hakuna mtoto anayekataa mara mbili. Akashika usukani na fimbo, kama alivyoona. Kinga haikusogea. Akasukuma kwa bega. Ikasogea hatua moja, ikaanza kurudi nyuma, nasi wote tukatupa kinga zetu chini na kuja, mmoja kwenye gunia, mmoja kwenye kiti, Mama mkunga ameshika gurudumu kama anashika kichwa cha mtoto anayetoka. Wamama watano kwa kinga moja. Tulifika juu, hatuna pumzi ya kusema. Mbele kulikuwa na kilima kingine. Kijana alichukua kinga yake, akaenda.

Tuliingia mjini giza linaanza. Kwenye avenue yetu, mama mmoja jirani, hatutamtaja kwa sababu ni mwanachama na atasoma hapa, alimsimamisha kijana akataka gunia moja. Akalipiga kwa mkono, akalizunguka, akasema halikujaa, akakata bei kama tunavyokata sote. Tulikuwa nyuma yao, wachafu, hatutambulikani. Tulimwangalia mama wa kijana, tukidhani atasema kitu. Alisimama tu, ameshikilia kinga yake, mpaka mwanawe alipokubali bei ile na kushusha gunia. Kisha akaenda akamsaidia kulibeba mpaka ndani ya lupango.

Chupa za maji tuliziazima kwa familia mbili, zimerudishwa. Kinga ya katekista ina kiraka kipya na tumemweleza. Sufuria iko salama.

Siku ya kwanza iliyofuata, saa tisa za usiku, kijana alikuta blanketi imefungwa nyuma ya kinga, ile nzito ya kitanda cha mama yake. Alisema wakati wa kurudi itachukua nafasi ya mzigo. Aliifungua, akaiweka juu ya ngazi. Mama yake alikuwa mlangoni, hakusema kitu. Kijana akakaza mnyororo, akajaza pompa, akaangalia tairi zote mbili, akakosa kitu kingine cha kuangalia. Akaichukua blanketi, akaifunga tena.